Muulize Bibi Shamba: Mkoa mmoja, harufu si moja

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwetu Bariadi, na mwaka huu nimehamishiwa Lushoto. Kwetu unaweza kusafiri kutwa nzima ukaona nchi ileile: mbuga, pamba, ng'ombe, mawe. Safari ya kuja huku ilinichanganya. Mombo nilikuwa natokwa jasho, nje ya dirisha mkonge na vumbi. Basi likapanda mlima, tulipofika Soni nikawa natafuta sweta. Hewa inanuka vingine, nyumba ni nyingine, hata watu wanaongea kwa sauti ya chini zaidi. Wenzangu wanasema nikienda Muheza au Handeni nitakuta mambo mengine tena. Mkoa mmoja unawezaje kuwa hivi? Na ni kweli kwamba Wasambaa ni wagumu wa mkono na watu wa Handeni ni wavivu, kama nilivyoambiwa ndani ya basi?
*Mwalimu mgeni, Lushoto*

Marahaba mwanangu, na karibu Tanga. Hayo ya ndani ya basi nitayajibu, kwa sababu yamenikera tangu nikiwa kazini, nikitembea vijiji vya mkoa huu na kamba ya kupimia mashamba. Ila kwanza tuzungumze habari za upepo, maana upepo ndio unaougawa mkoa huu kabla ya serikali kuugawa wilaya.

Upepo wa mvua unatoka Bahari ya Hindi. Kizuizi kikubwa cha kwanza unachokutana nacho ni milima ya Usambara Mashariki, ile ya Amani iliyo nyuma ya Muheza. Unapanda, unapoa, unamwaga. Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishavuka bonde la Lwengera unaupanda mlima wa pili, Usambara Magharibi, ambako ndiko uliko wewe, na kumwaga kilichobaki, hasa upande wa Bumbuli na Mponde kunakolimwa chai. Ukiteremka ng'ambo ya pili kuelekea Mombo na Mkomazi, mfuko ni mtupu. Ndiyo maana Mombo mpunga unalimwa kwa mifereji ya maji yanayoshuka mlimani, na hatua chache kutoka kwenye mfereji unakanyaga miiba ya migunga. Halafu kuna mwinuko. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini iko karibu mita 1,400, na kila mita 100 unazopanda zinakupunguzia joto zaidi ya nusu nyuzi. Kwa hiyo katika zile kilomita 33 za kona ulipoteza nyuzi kama sita. Sweta uliitafuta kwa haki.

Sasa nikurudishe bondeni, maana ulipita Korogwe umekaa dirishani, na Korogwe haijulikani kwa dirishani.

Siku nyingine shuka kwenye basi pale Hale, Magunga au Ngomeni, karibu na kiwanda cha mkonge, asubuhi korona ikiwa inafanya kazi. Korona ni ile mashine inayoponda majani. Mkonge uliletwa na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893, na ukalipenda joto hili kuliko lilivyopendwa na mtu yeyote. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama ya kijani. Singa zenyewe ni kama asilimia nne tu. Korona inachukua singa, na kile kingine chote kinasukumwa na maji kwenye mifereji, kikachacha juani. Harufu yake ni kali, chachu, inakaa nyuma ya koo. Mgeni huziba pua. Waliozaliwa kambini wanaipenda, na mimi sioni ajabu, kwa sababu harufu hiyo ikinuka maana yake kiwanda kinatembea na Jumamosi kuna mshahara. Miaka ile viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, baada ya kamba za nailoni kuingia sokoni na bei ya mkonge kuanguka, Korogwe ilikosa harufu, na watu wakajua wamekosa na chakula. Pale Hale mwaka 2008 walianza kuyatumia yale makapi kutengeneza gesi na umeme. Hilo nalifurahia sana. Mto Pangani ulikunywa uchafu ule kwa miaka mingi mno.

Ukivuka kiwanda utaona singa zimeanikwa kwenye waya, nyeupe, mistari na mistari, na harufu inabadilika kabisa, inakuwa ya nyasi kavu na jua. Mashambani unaona mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na huku na kule mkonge mzee umetoa mlingoti wake mrefu wa maua, dalili kwamba umemaliza kazi na utakufa.

Na watu? Mashamba haya yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Wakaletwa manamba kwa mikataba kutoka Songea, Mbeya, Iringa, Kigoma, wakaja Wamakonde na Wamakua kutoka Msumbiji, wakaja Warundi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu zao ndio unaowakuta leo. Kwa hiyo katika kambi ya mkonge hakuna anayekuuliza ukoo wako, maana ukoo wake mwenyewe uko mbali. Anakuuliza unakaa kambi gani. Watu wanaongea kwa sauti kubwa, Kiswahili tupu, wanataniana na mtu waliyekutana naye dakika tano zilizopita, na wanaamka usiku. Wakata mkonge huingia shambani kabla jua halijatoka ili wamalize mizigo yao kabla halijawaunguza, na kwa hiyo akina mama wa uji na vitumbua huamka mapema zaidi yao. Ukifika kambini saa tisa mchana ukawakuta wanaume wamekaa kwenye bao, usiseme lolote. Siku yao ya kazi ilianza wewe ukiwa umelala.

Panda sasa nami. Kabla ya Soni unaanza kuona migomba kwenye makorongo, halafu maporomoko ya maji, halafu unapigwa na harufu ya mikaratusi. Hiyo ndiyo hodi ya Lushoto. Nyuma yake kuna moshi wa kuni mbichi, maana huku jiko haliwashwi kwa ajili ya kupika peke yake, linawashwa watu waote, hasa Juni mpaka Agosti ambapo ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Ukipita karibu na seremala anayepasua mbao za zamani za mkulo, utasikia harufu ya kafuri. Siku ya soko Soni, mvua ikiwa imenyesha, ni majani ya kabichi yaliyokanyagwa, na msimu wa matunda ni plamu na peasi zilizoiva kupita kiasi kwenye matenga. Na kwenye vijia vyote, samadi.

Hiyo samadi ina historia, nawe ukiwa mwalimu ningependa uifahamu. Zamani ng'ombe wa Lushoto walichungwa kwenye miteremko, na udongo ulikuwa unashuka na mvua mpaka mito ikawa myekundu. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa bonde la Mlalo: watu walilazimishwa kupiga matuta, jembe kwa jembe, asiyepiga aadhibiwe. Wakulima walikataa. Walikuwa na sababu: kazi ilikuwa nzito, mashamba ni madogo, na ziada waliyoahidiwa hawakuiona. Mpango ule ulikufa miaka ya 1950 huku watu wakiwa na hasira, na hasira hiyo ilisaidia kujaza wanachama katika TANU. Miaka ya 1980 ulikuja mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, SECAP, na njia nyingine: panda majani ya guatemala kwenye kingo za shamba, yashike udongo, uyakate umpe ng'ombe aliyefungwa zizini, samadi uirudishe shambani. Ng'ombe akaingia ndani. Ndiyo maana leo ukitembea Lushoto huoni makundi ya ng'ombe malishoni kama kwenu Bariadi, lakini unawanusa kila unapopita nyumba. Hata mwonekano wa mlima ulibadilika, ile mistari ya kijani inayozunguka kila kilima ndiyo majani hayo.

Kwa hiyo ukimwona mzee wa Kisambaa anakusikiliza kimya, anakutazama miguu, halafu anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, usifikiri amekuchukia. Maofisa wengi wamepanda mlima huu kumwambia alime vipi. Na ardhi yake ni ya kurithi, vipande vidogo vilivyogawanywa kwa watoto, na watoto wa watoto, kiasi kwamba mpaka wa shamba ni mstari wa masale na kila mmea wa sale una shahidi. Mtu asiye na ukoo hapa hana mahali pa kukanyaga. Ndipo anapouliza.

Ugumu wa mkono sasa. Mkulima wa mboga wa Lushoto anapata pesa kidogo kila wiki, na anazitoa kila wiki: mbegu, dawa, mbolea, vibarua, nauli. Karoti na hoho zinaondoka jioni na lori kwenda Dar es Salaam, usiku bei inaweza kuanguka Kariakoo, asubuhi anaambiwa kwa simu kwamba mzigo umeuzwa nusu ya alivyotarajia. Mtu anayeishi hivyo anahesabu. Hakupi shilingi bila kuiangalia. Lakini nimeona mimi mwenyewe, mtu akifiwa, nyumba nzima ya jirani inahamia kule na kuni, maharage na magunia ya viazi, na hakuna aliyetangaziwa. Ugumu gani wa mkono huo? Naomba ukiwafundisha watoto wao, uwaambie kwamba hesabu ya mama zao ni elimu.

Muheza nitaigusa kwa ufupi, ingawa ndiko nilikozaliwa na ningeweza kujaza gazeti hili. Muheza ni kijani kizito, kinachokaa karibu na uso wako. Mvua za vuli zikishaingia na michungwa ikachanua, harufu inakuja jioni jua likishapoa, tamu mpaka inalevya, na inaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Juu yake, Amani, unapata karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, mdalasini unaobanduliwa, iliki chini ya vivuli vya msitu, na viwanda vya chai. Wajerumani walifungua pale kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe ya dunia, kwa hiyo ukitembea bustani ile pua yako haijui iko nchi gani. Wabondei wa huku chini ni watu wa mazungumzo marefu na barazani hapakosi mgeni. Chungwa hawakuuzii mlangoni, wanakujazia kikapu. Tatizo lao ni kwamba chungwa linalipa kwa msimu, na mahitaji hayana msimu. Ada ya shule inapofika mti ukiwa bado kwenye maua, mnunuzi anakuja kuununua mti mzima kwa kukisia. Mwenye shamba anabaki kuyatazama matunda yake yakiiva kwa faida ya mwingine. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Ukimwona Mbondei anacheka sana huku mfuko hauna kitu mwezi wa tisa, ujue machungwa yake yaliuzwa zamani.

Kuhusu Handeni, soma jibu la tatu hapa chini. Siwezi kulisema mara mbili bila kupandisha pumzi.

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat. Mama yangu alizaliwa Pangani, nasi tumezaliwa huku. Bibi yetu alikuwa akisema kwamba akifumba macho anaisikia Pangani puani, "nazi na matope". Nataka kuwapeleka watoto. Je, harufu hiyo bado ipo au tutakwenda kutafuta kitu kilichokwisha?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Ipo. Bibi yako alichagua vizuri maneno yake.

Matope ni ya mikoko, pale mto unapokutana na bahari. Maji yakipwa, matope yanabaki wazi, na upepo unayaleta mjini. Ni maji yaliyotoka mbali, kuanzia Kilimanjaro na Meru, yakapita Korogwe kwenye mkonge, yakaja kutulia hapo. Nazi ni za mashamba ya pande zote mbili za mto: mbata zinazokauka, makumbi yanayoungua, na makumbi mengine yaliyolowekwa ili yatoe usumba wa kamba, ambayo yakifukuliwa hunuka kuliko matope yenyewe. Ongeza dagaa juani. Bibi hakutaja dagaa, labda kwa heshima.

Harufu moja haipo tena, ya sukari guru ikichemka. Karne ya 19 kingo za mto huu zilikuwa mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu, yakilimwa na watumwa. Naomba watoto waambiwe hilo pia, wakiwa wamesimama palepale mtoni, pamoja na habari za Bushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani kuanzia 1888 na kunyongwa hapo Pangani Desemba 1889. Nendeni msimu wa kaskazi kabla ya masika, barabara zikiwa kavu. Na msilale Tanga mjini mkaenda Pangani kwa siku moja. Harufu ya matope inakuja alfajiri.

Bibi Shamba, shikamoo. Mimi ni mama wa hapa Muheza, binti yangu ameposwa na kijana wa Handeni, mkulima. Kijana ni mzuri, wazazi wake tumewapenda. Lakini mashoga zangu wananitisha: Handeni kukavu, hakuna maji, watu hawapendi kazi. Binti naye amekazana kwamba atabeba miche ya michungwa kutoka kwa baba yake. Nimwandae vipi?
*Mama wa mchumba, Muheza*

Marahaba mwanangu, na hongera.

Hao mashoga wamepita Handeni kiangazi, wakawaona wanaume chini ya mwembe. Wangepita siku ya mvua ya kwanza. Handeni mvua haina ahadi. Vuli inaweza kuruka, masika yanaweza kuja wiki tatu na kukata. Kwa hiyo mvua ikipiga, kijiji kinahama. Watu wanatoka giza na kurudi giza, watoto wadogo wanabebwa shambani, na mahindi yote ya mwaka yanaingia ardhini katika siku chache. Mkulima wa Lushoto anagawa nguvu zake miezi kumi na miwili. Wa Handeni anazitoa zote kwa mara moja, halafu anangoja, na kungoja mvua huku ghala linapungua ni kazi inayochosha kuliko jembe. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi, ndio wenyeji wa Handeni, walichukuliwa utumwani wakapelekwa Somalia, na huko, bonde la mto Juba, wajukuu zao waliendelea kusema Kizigua. Vita vilipozuka Somalia baada ya 1991, baadhi walirudi mpaka Handeni, wakapewa makazi Chogo. Watu walioitunza lugha ugenini vizazi vyote hivyo, mtu anawaitaje wavivu?

Mwandae kwa maji. Akifika ugenini akapewa maji ya kunywa kabla ya chakula, ayapokee kwa mikono miwili, maana ndiyo heshima kubwa waliyonayo. Yametembea. Kuna mabomba yanayoleta maji ya mto Pangani, lakini si kila kijiji na si kila siku. Wengi wanategemea malambo na visima. Apeleke madumu yake na ndoo mbili zenye mifuniko, na asiwe mtu wa kumwaga maji ya kuoshea vyombo.

Mwandae pia kwa harufu. Huku kwetu amezoea maua na majani yaliyoloa. Kule atapata vumbi jekundu, mkaa, kondoo na mbuzi wanaorudi jioni, na ugali wenye moshi kidogo, kwa sababu mahindi yanatunzwa darini juu ya jiko ili dumuzi asiyale. Wiki za kwanza atausikia moshi ule kwenye kila tonge. Baadaye ugali wa huku ndio atauona hauna ladha. Na atakapoisikia harufu ya udongo wa Handeni ukipata mvua ya kwanza baada ya miezi ya joto, atanielewa kwa nini namwambia asiogope. Sijawahi kunusa kitu kizuri kuliko hicho, na nimelala Amani wakati wa karafuu.

Miche abebe, ila si mingi. Mitano inatosha. Achague iliyobebeshwa kwenye shina la limau kali, kwa sababu mizizi yake inastahimili ukavu kuliko mingine. Asipande mara afikapo. Aiweke kivulini, angoje mvua zishike kabisa. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na mbili upana, udongo wa juu auchanganye na samadi ya mbuzi iliyooza, atandaze majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, na azungushie miiba maana mbuzi wa mama mkwe hawatauliza ni miche ya nani. Aipande upande wa jiko, ambako maji ya kuoshea vyombo yatafika, na kiangazi cha kwanza na cha pili aipe dumu moja kila mti mara mbili kwa wiki, jioni.

*Bibi Shamba ni mstaafu wa ugani wa kilimo mkoani Tanga.*